Tasbihi Mkono wa Kushoto

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haja ya kulificha hilo. Kazi yangu ni kulea wazee wa watu kwenye nyumba moja ya wazee kule Penrith, pembezoni mwa Sydney, na humo nimewaona wapwa wanaozuka na maua mwezi uleule shangazi yao anapoanza kusahau majina. Nimewaona majirani wema kupita kiasi. Kwa hiyo siku ile mzee wa kizungu wa mtaani kwetu Guildford aliponisimamisha getini, akavua kofia na kuniuliza kama mama yangu angekubali kupigwa picha, mimi sikusikia ombi. Nilisikia mtego.

Mama alikuwa amekuja kutoka Tanga kwa viza ya matembezi. Alikuwa kwangu tangu baridi ilipoanza, na mimi nilikwisha kumpata wakala wa kushughulikia viza ya kumbakiza moja kwa moja. Hilo nililitaka kuliko kitu chochote duniani: Mama abaki. Baba ametangulia mbele ya haki, ndugu zangu wametawanyika, na mimi nilikuwa nimechoka kushtuka kila simu ya nyumbani inapolia, nikidhani ni msiba. Kila nilipomweleza Mama wakala amefika wapi, alijibu, "Inshallah, mwanangu." Nikaihesabu hiyo kuwa ni ndiyo. Mimi huyu, ninayeikagua risiti ya bucha hadi mwenye duka ananuna, nikaihesabu kuwa ni ndiyo.

"Picha ya nini?" nilimuuliza yule mzee.

Akanieleza kwa kirefu, kama wanavyoeleza wastaafu wanaoishi peke yao. Zamani alikuwa fundi wa meno. Sasa alikuwa anatengeneza picha kama walivyozitengeneza Wamarekani wa mwanzo kabisa, kabla ya filamu, kabla picha hazijajua karatasi. Unachukua bati la shaba lililopakwa madini ya fedha, unalisugua mpaka linakuwa kioo, unalifukiza iodini, unalitia kwenye kamera, kisha unalifukiza tena kwa mvuke wa zebaki mpaka sura inajitokeza. Aliniambia kwamba huko Marekani enzi hizo mafundi meno na mafundi saa wengi waliacha kazi zao wakafungua studio, maana kila mtu alitaka sura yake. Zinaitwa dagerotipu. Jina ni la Kifaransa, na katika mtaa mzima jirani yangu Mkongomani ndiye peke yake aliyeweza kulitamka bila kujing'ata.

"Zebaki ni sumu," nikamwambia.

"Sumu kweli," akakubali, na nikaona imemfurahisha kidogo. Akasema ana bomba la kutolea hewa.

"Na kwa nini mama yangu?"

Akasema ana uso mzuri. Nikamjibu kwamba nitafikiria, neno ambalo kwangu maana yake ni hapana.

Nilimkuta Mama jikoni anachagua mchele, mchele wa hapa ambao hauna hata jiwe moja la kuchagua. Nikamsimulia kwa kejeli, nikitegemea tucheke pamoja. Hakucheka. Hakuinua hata macho. "Mwambie nitakwenda," akasema. Nilipomweleza habari za kufukiza, akatikisa kichwa akasema, "Kumbe picha nayo hufukizwa, kama bibi harusi."

Hapo ndipo nilipoanza kunusa kitu. Mama hapendi picha. Ukimwelekezea simu, anavuta mtandio usoni. Ana sababu yake, maana kila picha ninayompiga inaishia kwenye makundi ya ukoo ya simuni, na kabla chai haijapoa shangazi wa Mombasa amekwisha andika kwamba Mama amekonda, na mwingine amejibu kwamba hapana, amenenepa, ni baridi imemkunja. Mwanamke huyo leo akubali kwenda kukalishwa kwenye gereji ya mtu asiyemjua, wasiyesikilizana naye hata salamu? Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi niliyaona.

Nikaanza kusoma. Safari ya treni kutoka Guildford hadi kazini ni ndefu, na nilisoma kwenda na kurudi. Nilisoma habari za studio hizo, vyumba vya ghorofani vyenye dari la kioo ili mwanga uingie, na watu waliopanda ngazi wakiwa wamevaa nguo zao za heshima. Nilisoma habari za kishikio cha chuma kilichosimamishwa nyuma ya kiti, kikashika kisogo cha mtu asitikisike, maana ukitikisika unatoka na sura ya ukungu. Wengine waliwapeleka watoto wao waliokwisha kufa, kwa kuwa hawakuwahi kuwapiga picha wakiwa hai. Halafu nikafika mahali nilipotamani nisingefika. Msomi mmoja alitaka kuthibitisha kwamba watu weusi si watu kama yeye, na katika mji mmoja wa kusini mwa Marekani watumwa, wanaume kwa wanawake, wakavuliwa nguo na kuwekwa mbele ya kamera hiyohiyo, kwenye mabati hayohayo. Hakuna aliyewauliza kama wanataka. Nilizima simu nikakaa natazama nje hadi Penrith, na nilipofika kazini msimamizi aliniuliza kama naumwa.

Jirani yangu Mkongomani nyumba yake imepakana na ya yule mzee. Anafanya kazi ya maghala, na siku zake za mapumziko hushinda kwangu na Mama. Mama alimpenda, ingawa alimtania kwamba Kiswahili chake kina kokoto. Nilipomweleza wasiwasi wangu, alinikatiza mapema mno.

"Dada, ule muzee hana mubaya," akasema. "Ni muntu ya Mungu."

"Watu wa Mungu nawajua," nikamjibu. "Ndio wanaonipa kazi."

Hata hivyo nilimchukua, tukaenda kuikagua gereji. Nilitaka kuiona kwa macho yangu kabla Mama hajakanyaga pale. Ilikuwa safi kuliko nilivyotaka iwe. Darini alikuwa amekata dirisha kubwa linaloelekea kusini. Vitabu vyake vya Kimarekani vilimwambia dirisha la studio lielekee kaskazini, naye akavitii, akasahau kwamba huku kwetu Australia jua hukaa kaskazini. Kiangazi chake cha kwanza aliiva kwa joto mle ndani hadi akabomoa dari akaanza upya. Mkongomani alicheka. Mimi nilikuwa naangalia kile kishikio cha chuma pembeni ya kiti.

"Hiki hakitamgusa mama yangu," nikasema.

"Hakitamgusa," akasema mzee.

Akafungua droo akatuonyesha mkusanyiko wake, picha halisi za Kimarekani za wakati ule, kila moja ndani ya kijisanduku kama cha poda, na mahameli upande mmoja. Wanaume wa ndevu, mabibi waliobana midomo. Kisha akanipa moja akasita, kama mtu aliyejuta kuitoa. Ilikuwa ya mwanamke mweusi aliyepakata mtoto wa kizungu. Ili umwone ilibidi uigeuzegeuze kwenye mwanga. Ukikosea kidogo unaona bati tupu. Nyuma yake kulikuwa na kijikaratasi chenye jina la mtoto, jina la baba yake na la mji wao.

"Na huyu mama jina lake nani?" nikauliza.

"Halijulikani."

"Walilijua," nikasema. "Alikuwa anawalelea mtoto. Hawakuliandika tu."

Mzee akasema kwamba kulikuwa pia na watu weusi waliokuwa huru, wenye studio zao wenyewe katika miji ya kaskazini, zenye mazulia na piano, na wateja wa kila rangi wakipanda ngazi kuwafuata. Alilisema hilo haraka, kama mtu aliyelitayarisha tangu jana. Lilikuwa kweli, nilikuja kulithibitisha baadaye. Lakini siku ile nililiweka pamoja na mambo mengine ya kumshuku.

"Ukishampiga, bati linabaki kwa nani?"

"Kwenu."

"Na nakala?"

Akasema haina nakala. Bati lenyewe ndilo picha, hakuna la pili, na ukilipitishia kidole kabla halijafunikwa kioo, umeifuta sura. Ikitoka vibaya, yeye hulisugua likawa jipya, akampiga mtu mwingine juu yake. Hilo la kusuguliwa lilinichoma, sijui kwa nini. Nikampa masharti yangu: nitakuwepo, Mama hatavua hata mtandio, na tukitoka tunatoka na bati letu. Aliyakubali yote bila kubishana. Mtu asiyebishana nami huwa ananitia wasiwasi zaidi, na nilipokuwa natoka nilizungusha macho kwenye rafu zote nikitafuta kamera ya kisasa iliyofichwa.

Siku ya siku ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua kali nje. Mama alivaa gauni lake la Idi na mtandio mweupe, akajipaka udi wa kutosha kuishinda iodini. Mkongomani alikuja pia, bila kualikwa na mimi. Mzee akasema karibuni, akamwinamia Mama kwa heshima, na Mama akaenda moja kwa moja akakaa. Hakushangaa lile dirisha la darini. Hakuuliza lile lidude la mbao kwenye miguu mitatu ni nini. Mama yangu, ambaye alipofika Sydney aliiuliza hata mashine ya kufulia inafanya nini mle ndani.

Kisha akatoa tasbihi yake kwenye mkoba, akaishika kwa mkono wa kushoto, akaulaza mapajani.

Asiyelelewa na Mama hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Mwanamke huyu alinipiga vikofi vya kiganja utoto wangu mzima kwa kupokea vitu kwa kushoto. Alikwisha kumrudishia muuza samaki chenji yake, akangoja aihamishe mkono ndipo aipokee. Simu hashiki kwa kushoto. Na leo tasbihi, anayomtajia nayo Mola wake, ameishika kwa mkono wa chooni, mbele ya mzungu, na wala hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

"Mama, mkono," nikasema.

Mzee akaniashiria ninyamaze. Mama naye alinikata jicho, kisha akatulia. Mzee akafunua kamera. Ilichukua muda ambao ungetosha kusoma Alhamdu taratibu, na naamini ndivyo alivyokuwa akifanya moyoni, maana hakupepesa. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kamera, na macho yake yalikuwa kwangu muda wote. Nilijisikia vibaya, nikaangalia chini.

Mzee akaingia kwenye kijichumba chake cha nyuma, bomba likanguruma, tukangoja. Alipotoka alikuwa amekwisha kulifunika bati kwa kioo. Akampa Mama kwanza. Mama akaligeuza kwenye mwanga, akalitazama kwa makini, akasema, "Sasa hii ndiyo." Kisha akanipa mimi.

Alikuwa ni Mama. Sijawahi kumwona Mama namna ile, kila kunyanzi, kila uzi wa mtandio, na yale macho. Na tasbihi ilikuwa mkono wa kulia. Nikaangalia tena. Hata lile baka lake dogo la shavuni lilikuwa limehamia upande wa pili.

Mzee alifurahi kuniona nimeliona. Akasema picha hizi ni kama kioo, hugeuza kulia kuwa kushoto. Marekani wakati ule watu walivalia pete ya ndoa mkono usio wake ili kwenye picha ikae panapostahili, na wasiojua walirudi nyumbani na picha za watu wasio na ndoa.

"Na waliojua walijuaje?" nikamuuliza.

"Kwa kuwa walikwisha kupigwa mara ya kwanza ikatoka vibaya," akasema, akicheka. Halafu kicheko kikamkauka.

Nikamtazama Mama. Mama akamtazama Mkongomani. Mkongomani akawa anaangalia sakafu.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimevua nguo za watu wengine wote nikitafuta chawa. Nilimpeleka Mama nyumbani, nikarudi nikamkuta jirani yangu kwenye ua wake anajifanya anaanua nguo.

"Mama amekuja kwa yule mzee mara ngapi?" nikamuuliza.

"Dada, usikasirike."

"Nimekwisha kukasirika. Mara ngapi?"

"Moya tu, wakati uko kwa shift. Lakini ni Mama njo aliniomba. Aliniambia twende kwa ule muzee, nimuulize kama iko foto yenye haiwezi kutumwa na telefone. Moya, basi. Ya kuachia mutoto wake. Ile ya kwanza ikatoka na shapelé, ile tasbihi yake, mu mukono ya gauche, ya kushoto. Mama akakataa kabisa, muzee akaisugua."

"Sasa kwa nini yule mzee alikuja kuniuliza mimi getini?"

"Mama njo alimutuma. Alisema mutoto wake anashuku sana. Hataamini kitu mpaka aone na macho yake." Akakunja shuka, akaongeza kwa sauti ndogo, "Na alitaka wewe ukuwe pale, akuangalie."

Sikusikia mengine. Nilikuwa nimekwama kwenye neno moja, *kuachia*. Nilimchukia jirani yangu kwa muda wa kutoka uani kwake hadi mlangoni kwangu, nikamchukia na yule mzee kwa kutokuwa mbaya. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya.

Mama alikuwa ameketi sebuleni, bado na gauni la Idi, bati limelala mezani mbele yake.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Siumwi."

"Wallahi?"

"Wallahi siumwi. Presha ni ileile."

"Basi picha ya kuniachia ya nini, na mwenyewe upo?"

Akanyoosha mkono akatengeneza kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kasoro. "Viza yangu inakwisha," akasema. "Nami narudi zangu nyumbani."

"Na wakala?"

"Wakala ni wako, mwanangu. Mimi sikumtuma."

"Ulisema inshallah!"

"Nilisema. Na Mungu hakutaka."

Nilipaza sauti. Sitasema sikupaza. Nilimuuliza amekosa nini hapa. Chumba anacho peke yake, hita anayo, nyama ya halali namfuatia Auburn kila wiki hata nikiwa nimetoka kazini nimekufa kwa uchovu, daktari yupo, mimi nipo. Tanga kuna nani? Nyumba yenye paa linalovuja na paka. Niliyasema hayo yote nimesimama, na yeye alinisikiliza hadi nikamaliza, kama anavyosikiliza mawaidha.

"Sijakosa kitu," akasema. "Umenitunza, Mungu akulipe. Nimechoka tu kukaa kwa watu."

"Kwa watu? Hapa ni kwangu, Mama. Hii nyumba ni kwangu."

Akanitazama kwa muda mrefu, bila kupepesa.

"Na wewe uko kwa watu, mwanangu," akasema. "Ila umezoea."

Niliokota bati mezani. Nilimwambia siitaki picha yake, kwamba mtu hawezi kuachiwa bati badala ya mama. Yeye akasema, bila hasira yoyote, "Kama huitaki, mrudishie yule babu aisugue. Atampiga mwingine." Nilifika mlangoni nalo. Nilishika kitasa. Nyuma yangu nilimsikia anainuka kwenda jikoni, anafungua bomba, anauliza mchana tupike nini. Nikajibu kwamba sijui. Akasema basi tupike wali. Nikalirudisha bati mezani, nikaenda kumsaidia.

Jumatatu, wakati wa chai ya saa nne kazini, nilitoka kwenye korido nikampigia wakala nikamwambia asimamishe maombi. Akataka kujua kama kuna nyaraka imekosekana, akasema kila kitu kinarekebishika, nisikate tamaa mapema. Nilimwambia nyaraka zote zipo. "Ila mama yangu amekataa," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo, na nililia pale pale, mbele ya wazee wa watu waliokuwa wakiningoja niwapelekee chai yao.